Nambari Nne Ilipoanza Kufifia

Naweni mikono. Nianzie hapo, maana mwalimu wenu aliyeniomba niwaandikie ninyi mafundi wapya wa maabara alisema mnapenda kuambiwa jambo la maana mapema. Basi ndilo hilo. Naweni kwa sabuni, mjikaushe vizuri, mvae glavu, na hata mkishavaa, msiguse kitu ambacho hamjaambiwa mguse.

Mimi naitwa Njoroge. Nimestaafu, na ninaishi nje kidogo ya Kitale, kwenye shamba ambalo wazazi wangu walinunua walipohamia huku kutoka Nyeri. Baba alitaka nilime mahindi kama yeye. Nilipomwambia nimepata kazi kwa daktari mmoja anayechunguza kutu, aliweka kikombe chini akaniuliza, "Kutu? Hii ya mabati?" Nikamwambia ndiyo. "Na watakulipa kuiangalia?" Mpaka anafariki alikuwa akiwaambia watu mtoto wake yuko serikalini, kwa sababu hii ya kutu hakujua aieleze vipi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Daktari Simiyu, mwenyeji wa Mabanga karibu na Bungoma, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na makatoni mawili ya vyombo. Chuo kimoja mjini Kitale kilimpa chumba kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Viti tulivitoa wenyewe, mimi na yeye, tukapaka kuta rangi nyeupe, tukawa na maabara. Alikuwa mtu mpole. Lakini hasira ikimpanda, ulimi wake ulirudi nyumbani Mabanga, na jina langu likawa Njoloke. Nikisikia Njoloke, nilijua niache mara moja chochote ninachofanya.

Wazo lake lilikuwa hivi. Kutu mbaya si ile unayoiona juu ya paa la jirani. Kutu mbaya ni ile inayokula chuma mahali palipofunikwa, wakati rangi ya nje bado inang'aa na kila mtu anapita chini yake bila wasiwasi. Sasa chukua uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, ambao mwanga ukiingia ncha moja unatokea ncha ya pili. Ncha moja ipake utando wa chuma mwembamba sana, ung'ae kama kioo cha kujitazamia. Ingiza ncha hiyo pale pasipoonekana, kisha tuma mwanga. Utando ukiwa mzima, mwanga unaugonga na kurudi. Kutu ikiuanza, mwanga unaorudi unafifia. Na pale utando unapoliwa, chuma kilicho kando yake nacho kiko matatani. Huna haja ya kufumua kitu. Unakaa nje na kijisanduku chako, unasoma nambari.

Wiki yangu ya kwanza Daktari alinionyesha kipande cha kioo bapa alichokipaka utando wa kwanza kabisa. Kilikuwa kizuri ajabu. Alipotoka kwenda kupiga simu nikakichukua kwa mkono, nikakiinua dirishani nijitazame. Nikakirudisha palepale. Jumatatu asubuhi kilikuwa na kidole gumba changu katikati, rangi ya kahawia, mistari yote imetoka vizuri. Jasho la mtu lina chumvi, na chumvi na chuma havikai pamoja.

"Njoloke!"

Sikuwa na pa kujificha. Alikipigilia kioo kile ukutani juu ya meza yangu. "Hiki sasa ni kitambulisho chako," akasema. "Umejiandikisha." Kila mgeni aliyefika alionyeshwa. Nilicheka pamoja nao, lakini tangu siku ile niliishi na hofu ya vidole vyangu mwenyewe. Hofu hiyo ndiyo iliyonigharimu baadaye, na nitawaeleza.

Shida yetu ya pili ilikuwa stima. Kijisanduku kilihitaji taa, na taa ilihitaji stima, na stima ya miaka ile ilikuwa ikipotea siku ambayo unaihitaji. Daktari akasema tutaitoa kwenye joto. Kuna madini ukiyachanganya sawasawa, bismathi na teluriamu, ukaweka upande mmoja kwenye moto na mwingine kwenye baridi, yanatoa umeme kidogo. Hayana mashine inayozunguka wala maji yanayoanguka. Joto linapita tu, na umeme unatoka.

Kwa maneno ni rahisi. Tulipima madini kwenye mizani, tukayafungia ndani ya bomba la kioo kisichoogopa moto, tukayayeyusha, tukayasaga, tukayagandamiza yawe vidonge. Vidonge vikavunjika. Tukagandamiza tena, vikavunjika tena. Mwezi mzima tulikuwa tunatengeneza vumbi.

Aliyetuokoa ni Bwana Gurdip, Singasinga mwenye karakana ya kukereza vyuma mjini Kitale, ambaye ndiye aliyetutengenezea kalibu ya kugandamizia. Nilimpelekea vipande nikidhani kalibu ndiyo mbovu. Akavigeuzageuza kwenye kiganja, akaniuliza, "Ukishagandamiza, unaachilia vipi?"

"Nafungua tu."

"Tu? Pap?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa mpaka kilemba kikatikisika. "Njoroge, wewe umebana kitu kwa nguvu yote, halafu unakiacha pap. Lazima kipasuke. Achilia pole. Hesabu mpaka mia. Kama una haraka, nenda nyumbani, rudi kesho."

Nilihesabu mpaka mia mbili. Kidonge kikatoka kizima, cheusi, kinang'aa. Nilikimbia nacho mpaka chuoni nikiwa nimekishika kwa koleo ndogo mbele yangu, watu wa sokoni wakinipisha njia.

Jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba teluriamu ikikuingia mwilini hata chembe, pumzi yako inanuka kitunguu saumu. Hainuki siku moja, inanuka wiki nyingi. Unaweza kupiga mswaki mpaka fizi zitoke damu. Kanisani kwetu waliniachia benchi zima. Ninyi siku hizi mna vinyago na kabati za kuvutia hewa. Vitumieni, na msione fahari kusaga wazi kama nilivyofanya mimi.

Basi nilikuwa katika hali hiyo ya kunuka nilipokutana na Nanjala.

Daktari alikuwa amepata ruhusa katika kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya alizeti kule Bungoma. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa na boila moja iliyokula kuni na maganda ya alizeti, na kutoka kwenye boila paipu ya mvuke ilipanda mpaka juu, ikavuka chumba na kwenda kwenye mitambo. Paipu yote ilikuwa imevikwa pamba ya glasi na juu yake bati, ili joto lisipotee. Ilikuwa ndiyo sehemu tuliyokuwa tukiitafuta: chuma kilichofunikwa, moto juma zima, baridi Jumapili kiwanda kikipumzika, na paa lenye matundu juu yake.

Nilitarajia kumkuta mzee mwenye koleo. Nikamkuta mwanamke wa makamo, amejifunga leso kichwani, ovaroli imekunjwa mikono, anatazama geji ya mvuke kwa jicho moja na kunitazama mimi kwa lingine.

"Wewe ndiye mwalimu wa kutu?"

Nikasema mimi si mwalimu, ni fundi wa maabara. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mwalimu, umekula nini leo?"

"Ni kazi," nikasema. "Ni madini."

"Ati madini! Haya. Basi ongea ukiangalia kule."

Watu wote wa kiwanda walimwita Mama Boila. Mimi aliniambia nimwite Nanjala, kwa sababu, alisema, Mama Boila ni jina la watu anaowafahamu. Kazi hiyo aliifundishwa na baba yake, aliyechochea boila kiwandani humo kabla yake. Alikuwa mjane, watoto wake wawili wakiwa shule. Mimi mke wangu alikuwa amefariki miaka saba nyuma, na hatukujaliwa watoto. Hayo hatukuambiana siku ya kwanza.

Tulifunga nyuzi sita, nambari moja mpaka sita, chini ya bati, kuanzia kwenye boila mpaka pale paipu inapotokea ukutani. Nambari nne ilikuwa katikati, juu kidogo ya mahali anaposimama Nanjala akisoma kioo kinachoonyesha kiasi cha maji ndani ya boila. Glavu yangu ya kulia ilichanika tukiwa na nambari nne mkononi. Ilikuwa ya mwisho. Nilishika uzi kwa ncha za kucha, nikiwa juu ya ngazi, jasho linanitiririka kwa joto la chumba kile, nikaomba Mungu niwe sijagusa utando. Tano na sita nilizifunga siku ya pili baada ya Daktari kuniletea glavu. Sikumwambia habari ya nne.

Kisha tukabana vidonge vyetu, vilivyopangwa kati ya sahani mbili, mahali tulipoacha paipu wazi. Upande wa nje tuliweka mapezi ya alumini yapoze. Nanjala akaongeza kuni. Tukasubiri. Taa ndogo nyekundu, ndogo kuliko punje ya mtama, ikawaka.

Dakika chache baadaye stima ya kiwanda ikapotea. Mitambo ikanyamaza, chumba kikawa giza la mchana, la mlango mmoja, na ile taa yetu ikabaki inawaka peke yake. Halafu Nanjala akasema polepole, "Hiyo ni moto yangu." Alikuwa sahihi. Ilikuwa kuni zake, jasho lake, inawaka nyekundu pale ukutani. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile, na nafikiri mambo yangu yaliharibikia hapo.

Kila mwezi, Jumanne ya kwanza, nilitoka Kitale na gari la asubuhi kwenda kusoma zile nyuzi. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa. Mimi nilikaa mpaka saa kumi. Nilijisemea kwamba ninajifunza, na kweli nilijifunza. Alinifundisha nisisimame mbele ya mlango wa tanuru ukifunguliwa, nisimame kando, moto unaweza kutoka kukusalimia. Alinifundisha kujaribu kioo cha maji: fungua kijibomba cha chini, maji yatoroke, funga, yakirudi juu haraka ni sawa, yakirudi kwa uvivu kuna uchafu, na usiamini unachokiona mpaka ukisafishe. "Kioo kinaweza kukudanganya," alisema. "Kinaonyesha maji ya jana."

Naye alitaka kujua kila kitu. Alisoma nambari pamoja nami, aliniuliza kwa nini nambari moja inashuka kidogo mvua ikinyesha. Daktari alipokuja mara moja kukagua, Nanjala alimweleza mwenendo wa nyuzi zote sita kutoka kichwani. Daktari akaniambia tukirudi, "Yule mama angekuwa na mimi darasani, wewe ungekuwa unamfagilia."

Sufuria ya chai iliwekwa juu ya tofali karibu na mlango wa majivu, ikachemka yenyewe. Tulikaa juu ya gogo. Alinieleza habari za baba yake, za marehemu bwana yake, za kijana wake anayekataa hesabu. Mimi si msemaji, lakini pale nilisema. Harufu ya kitunguu saumu ilipokwisha, alinitania kwamba sasa hanijui tena, labda chuo kimemtuma mtu mwingine. Katika miezi kumi na minne, nadhani sikukosa Jumanne hata moja, hata nilipokuwa na malaria.

Sasa ndipo penye shida, na ningependa msome pole.

Ilikuwa masika. Mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri juma zima. Jumanne ile nilikuwa nimepiga pasi shati langu la buluu, kwa sababu nilikuwa nimeamua kumwuliza. Nilifika mapema, Nanjala akiwa upande wa kuni. Nikasoma nyuzi peke yangu. Moja, sawa. Mbili, sawa. Tatu, sawa. Nne ilikuwa imeshuka karibu nusu.

Moyo wangu haukusema kutu. Ulisema kidole. Akilini nilimwona Daktari akipigilia kioo kingine ukutani. Niliwaona wageni wakicheka. Na zaidi ya hayo, nilimwona Nanjala, ambaye mwezi uliopita tu aliniambia kwamba kitu anachopenda kwangu ni kwamba niko makini, akiambiwa kwamba nilishika uzi kwa mikono mitupu nikanyamaza. Leo? Na shati hili?

Niliacha nafasi ya nambari nne wazi kwenye kitabu. Nikaenda kukaa juu ya gogo.

Nilimwuliza saa sita, chai ikiwa mkononi. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema mimi niko peke yangu, na yeye yuko peke yake, na kama ataona inafaa, ningependa tusiwe hivyo. Akatazama chini. Nikaona anazuia kicheko, si cha dharau.

"Mwalimu, nina watoto."

"Nawajua kwa majina."

"Na watu wa kwetu watauliza."

"Waulize. Nitakuja na ndugu zangu wajibu."

"Nipe mpaka mwezi ujao," akasema. "Nizungumze na mama. Ukija Jumanne, utanipata na jibu." Halafu akainuka kwenda kusoma kioo cha maji, na akasimama palepale, chini ya nambari nne, akiimba kitu kwa Kibukusu kwa sauti ya chini.

Nilirudi Kitale nikiwa kama mtu anayeelea. Daktari akafungua kitabu. "Nne iko wapi?"

"Waya ulikuwa umelegea," nikasema. "Nitasoma tena mwezi ujao."

Akanitazama, akafunga kitabu. Alikuwa na imani na mimi.

Ile siku ya mwezi uliofuata nilienda moja kwa moja kwenye kijisanduku kabla ya kusalimia mtu. Nambari nne ilikuwa giza. Na nambari tano, ile niliyoifunga kwa glavu mpya, safi, Daktari mwenyewe akiniangalia, ilikuwa imeanza kushuka.

Hapo nilielewa. Maji ya paa yalikuwa yameingia kwenye maungio ya bati na kukaa ndani ya pamba ya glasi. Paipu ilikuwa imeanza kuliwa labda miaka mingi kabla yetu, na uzi wetu ulikuwa umepiga kelele mwezi mzima kwa lugha tuliyoutengenezea wenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nimeuziba mdomo.

"Nanjala!" nilipiga kelele. "Toka hapo! Toka chini ya paipu!"

Alitoka bila kuuliza. Aliuliza akiwa tayari mlangoni. "Nini?"

"Nne imekufa. Tano inakufa. Kuna kutu juu hapo."

Hakwenda kumtafuta maneja. Alizunguka kwa upande wa nyuma, akafunga mvuke kwenye boila kwa mikono miwili, akaanza kutoa moto nje kwa reki. Mitambo ikasimama. Maneja akaja mbio akifoka, alizeti ya watu inasubiri, nani ametoa amri? Nanjala akamwambia, "Mimi. Hasira weka hapo kando, itapoa pamoja na paipu. Baadaye utanifuta."

Tulingoja mpaka mchana paipu ipoe. Maneja mwenyewe alishika ngazi. Nanjala akapanda, akafumua bati, akavuta pamba. Ilitoka nzito, imelowa, nyeusi. Chini yake paipu ilikuwa imevimba magamba. Akachukua nyundo ndogo, akagonga kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi. Nyundo ikaingia ndani.

Maneja alivua kofia. Akasema watu wote waende nyumbani, na kwamba hakuna atakayemgusa Mama Boila. Watu walikuwa wakimshika mkono, wakinishika mimi pia, wakisema Mungu ametuma hawa watu wa Kitale. Nanjala alikuwa bado juu ya ngazi. Alikuwa akitazama tundu, halafu akatazama chini, mahali pa kusimama, sakafu iliyong'aa kwa viatu vyake. Akashuka.

Watu walipotawanyika, akaniuliza, "Hii ya nne ilianza lini?"

Ningeweza kudanganya. Kitabu kilikuwa na nafasi tupu.

"Mwezi uliopita."

"Siku ile?"

"Siku ile. Asubuhi."

"Na ukaniuliza lile swali mchana."

"Ndiyo."

"Ukijua."

"Nilidhani ni kidole changu. Nilidhani nimeharibu uzi. Niliona haya."

Alikuwa na masizi usoni, na nilitamani apige kelele. "Mwezi mzima," akasema, "nimesimama hapo. Asubuhi, mchana, jioni. Watoto wangu walikuwa wanakuja hapa kuchukua ufunguo wa nyumba. Na wewe uliona haya."

Akachukua sufuria, akamwaga chai iliyokuwamo kwenye majivu, akaenda kunawa uso.

Sikuuliza kuhusu jibu.

Kule Kitale nilimweleza Daktari yote, glavu, waya wa uongo, nafasi tupu. Nilisimama nikisubiri Njoloke. Alisema, "Njoroge." Akalitamka sawasawa, kila herufi mahali pake. "Hata ingekuwa kidole, ningetaka kujua. Kosa lako pia ni kipimo. Ulichonificha ndicho kipimo nisicho nacho." Hakunifukuza. Miaka iliyobaki alinifanyia wema kama mwanzo, lakini tangu hapo kila nikileta kitabu alipitisha kidole kwenye mistari yote, mmoja mmoja, kabla ya kusaini.

Tuliendelea na kazi. Paipu mpya iliwekwa, nyuzi mpya zikafungwa, na nilizifunga kwa glavu mbili mbili. Nanjala hakunichukia. Aliniita Bwana Njoroge. Chai nilipewa kama wageni wote, kikombe kikiwa na sahani. Nilikuwa nikimaliza kazi kwa nusu saa na kuondoka na gari la saa tano.

Mradi ulipofika mwisho, mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili, nilitumwa nikatoe vyombo. Nanjala alinisaidia kuviringisha nyuzi. Tulipomaliza akanisindikiza mpaka getini, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka.

"Nikuambie kitu, usikasirike," akasema. "Siku ile ungekuja mbio uniambie Nanjala, nimeshika uzi na mikono, nimeharibu, ningecheka. Ningecheka mpaka nilie. Halafu ningekuambia ndiyo. Mama alikuwa ameshakubali."

Nilimwuliza, "Na sasa?"

"Sasa kuna mtu. Ni mkulima huko Kapsokwony, mlimani. Mwaka huu tunaenda kanisani." Akanipa mkono. "Shida haikuwa kidole. Shida ilikuwa ule mwezi."

Nilipanda baiskeli ya kukodi mpaka stejini, na yule mwendeshaji aliniuliza mara mbili kama niko sawa.

Ninyi mtakuwa na vyombo vinavyojisomea na kutuma nambari kwenye simu. Nafurahi. Bwana Gurdip alifunga karakana akawafuata wanawe Nairobi, na chumba chetu kimerudi kuwa stoo. Watu hudhani mzee aliyestaafu anaikumbuka heshima, au mshahara. Mimi nakumbuka joto la chumba kile, na mtu anayenieleza kwamba maji yanarudi kwa uvivu. Nikipita karibu na jiko la shule na kusikia moshi wa maganda, lazima nisimame kidogo.

Miaka michache iliyopita Daktari Simiyu alifariki, tukaenda kumzika kwao Mabanga. Nilikuwa nimesimama pembeni ya hema niliposikia naitwa. Nikageuka. Nanjala alikuwa na mvi na miwani, amemshika mkono mzee mrefu aliyevaa koti zito la watu wa mlimani.

"Huyu ndiye Bwana Njoroge," akamwambia mumewe. "Si nilikuambia? Ndiye aliyekuja mbio akaniambia nitoke chini ya paipu. Bila yeye hungenioa."

Yule mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaukaza. Alinishukuru mara tatu. Nilimtazama Nanjala. Alijua alichokiacha, ule mwezi mzima, na alikuwa ameniachia kwa hiari yake. Lakini mimi nilikuwa nimeshaacha nafasi moja tupu maishani, sikutaka ya pili.

"Nilichelewa," nikasema.

Mzee yule akatazama hemani, kisha akanipigapiga begani kwa upole.

"Hapana, ndugu yangu, hujachelewa. Ibada bado haijaanza."